Mshindi wa mnada ameshinda, hela haiji: niliyojifunza kwa miaka sita ya kuuza cherehani mtandaoni

#1 Nyundo_Tabata (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu.

Naendesha mnada wa cherehani za mtumba kwenye grupu la WhatsApp, kila Jumatano na Jumamosi saa 2 usiku. Juki, Brother, Janome, na mara moja moja Singer nyeusi za kukanyaga ambazo mafundi wazee bado wanazililia. Mzigo nachukua kwa wanaofungua makontena, nasafisha, nabadilisha mkanda na sindano, napiga picha, natupia kwenye grupu. Mwaka wa sita huu.

Leo nataka tuongelee jambo ambalo limewatoa wengi kwenye biashara hii. Mtu anapandisha dau mpaka anashinda, unamwandikia hongera, halafu hela haiji. Anakwambia kesho. Kesho anakwambia jioni. Mara yupo kwenye kikao, mara mtandao unasumbua. Wiki inakatika, cherehani imekaa chini ya meza na karatasi yenye jina lake, na mwenye kontena anakudai wewe.

Mwaka wa kwanza nilifanya kama wanavyofanya wengi. Simu tano kwa siku. Meseji za herufi kubwa. Nikiona tiki mbili za bluu na hakuna jibu, napandwa na hasira, naandika maneno ambayo leo nayaonea aibu. Kwa njia hiyo sikulipwa haraka hata mara moja. Nilichopata ni kublokiwa.

Kilichonibadilisha ni ovaloki moja, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke. Aliyeshinda ni fundi wa kike wa Songea, dau 410,000. Siku ya tisa hajalipa, na mimi nilishamwandikia kwamba watu kama yeye ndio wanaua biashara za wenzao. Siku ya kumi asubuhi akagonga mlango kijana, akasema ametumwa na dada yake. Nikamkaribisha. Akaitazama mashine, akatunga uzi mwenyewe, akapitisha kitambaa mara mbili, akatoa bahasha. Noti zote 410,000, akanihesabia mezani. Nikamuuliza kwa nini dada hakutuma tu kwa simu siku zote hizo. Akanijibu taratibu kabisa kwamba mwaka uliotangulia dada alituma laki tatu kwa muuzaji wa mtandaoni, akablokiwa dakika hiyo hiyo. Hela ya ovaloki alikuwa nayo tangu usiku wa mnada. Alikuwa anasubiri mdogo wake apate siku aje Dar aone kama kweli nipo.

Wakuu, mimi nilikuwa nalala nikiamini yule mama ni tapeli, na yeye huko Songea alikuwa analala akiwaza kwamba tapeli ni mimi.

Tangu hapo nikaanza kuwauliza wanaochelewa, bila ukali, nini kiliwakwamisha. Majibu yanajirudia. Wengine wanaogopa kutapeliwa. Wengine dau liliwapanda kichwani, wakaamka asubuhi wakaona wametaja hela ambayo hawana, na wanaona aibu kusema. Wengine hela ipo lakini ina msimu wake. Fundi wa nguo anashika hela kuelekea Idi, Krismasi, na Januari shule zinapofunguliwa. Nje ya msimu ukimbana unabana jiwe. Wale wanaofanya makusudi kabisa wapo, ila kwangu mimi ni wachache sana.

Sasa nafanya hivi. Ndani ya saa moja baada ya kuandika IMEUZWA, namtumia mshindi video pembeni. Mashine yake inashona kitambaa, juu ya kitambaa kuna karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo, kisha kamera inashuka kwenye namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma. Namwambia nilipo, na namwambia kama ana ndugu Dar amtume hata kesho aje aiwashe. Natoa lipa namba, maana akiingiza namba ile jina la biashara linatokea kabla hajathibitisha, na jina ni lile lile lililoko kwenye grupu. Hapo bado sijamdai hata shilingi. Kama ni mtu wa mkoani, kwa mara ya kwanza tu, nakubali alipe nusu, niikabidhi mashine kwa wakala wa basi, nimtumie picha ya risiti ya mzigo, amalizie kabla basi halijaondoka.

Halafu namwandikia ujumbe mmoja, nao siubadilishi sana: "Dada, hongera. Unalipa yote leo au tugawe mara mbili? Na kama dau lilikuzidi, niambie kabla ya kesho saa 6 mchana, nitampa aliyefuata na hatutagombana."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniletea hela kuliko maneno yote niliyowahi kuandika. Mtu akijua ana mlango wa kutokea, hajifichi. Anayetaka kutoka anatoka mapema, mashine inauzwa upya watu wakiwa bado wanaikumbuka. Anayetaka kulipa naye anaona kuna mwisho. Na mwisho uwe saa, wakuu. "Ulipe mapema" kila mtu ana mapema yake. Saa 6 mchana ni moja tu.

Saa hiyo ikipita kimya, napiga simu mara moja. Fundi usimpigie asubuhi, ana wateja mbele yake na hawezi kuongelea deni wakimsikia. Mpigie saa 1 usiku akishafunga. Siku ya tatu natuma ujumbe wa mwisho nikimpa mpaka kesho yake. Siku ya nne naenda kwa wa pili. Sitishii, natoa taarifa.

Karibuni mnirekebishe.

#2 MamaPindo

Kaka, mimi ni mnunuzi wa mnada, wa vitambaa na vifungo zaidi kuliko mashine. Umenisema mimi hapo kwenye aibu.

Niongeze kitu ambacho wauzaji wengi hamkijui. Sisi wengi hela ya mtaji tunaichukua kwenye kikoba. Kikoba chetu kinakaa Jumamosi jioni. Nikishinda mnada wako Jumatano, kusema kweli hela yangu itakuwa mkononi Jumamosi usiku, na kulipa ni Jumapili. Mimi siyo mkaidi, ni kalenda tu. Ila nikiambiwa "lipa leo au nakutoa", nitajibu "kesho" kwa sababu sitaki kunyang'anywa, na kuanzia hapo nimeshaanza kudanganya. Mngetuuliza siku tunayokaa kikoba, tungewajibu ukweli.

#3 Nyundo_Tabata

Dada MamaPindo, hili nalichukua. Nilikuwa nauliza "lini utalipa". Kumuuliza mtu hela yake inatoka wapi na siku gani ni swali lenye heshima zaidi, na jibu lake linashikika.

#4 Mgumu_wa_Soko

Mkuu unawalea. Mimi dawa yangu ni kuanika. Siku ya tatu picha yake ya profaili, namba yake, jina lake la kwenye muamala, vyote kwenye magrupu kumi. Wawili watatu walilipa usiku huo huo. Binadamu anaogopa aibu.

#5 Nyundo_Tabata

Mkuu nakuheshimu, ila hapo hatutakubaliana. Waliolipa umewahesabu. Walioondoka kwenye grupu lako kimya kimya baada ya kuona vile, hao huwezi kuwahesabu. Wanaoshindana kwenye mnada ni wale wanaojisikia salama. Kila unayemwanika, kuna wengine wanaosoma na kujiuliza siku yao ikifika itakuwaje. Na kuna siku utamwanika mtu aliyefiwa. Kwenye grupu la jirani ilitokea. Mama wa watu alikuwa msibani, simu imezima siku nne. Hakuna msamaha uliorudisha jina lake.

#6 Karani_Msomi

Mgumu_wa_Soko, acha kabisa hiyo, siyo kwa huruma tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Namba ya simu na picha ya mtu uliyopewa kwa ajili ya biashara huruhusiwi kuisambaza upendavyo. Ukiongeza maneno "mwizi" na "tapeli" juu yake, utajikuta wewe uliyekuwa unadai ndiye unayejibu mashtaka.

Na huna haja, kwa sababu sheria iko upande wako tayari. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnada unakamilika nyundo inapogonga, au kwa namna nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo aliyetaja dau anaweza kulifuta. Kwenye WhatsApp namna iliyozoeleka ndiyo hilo neno IMEUZWA, kwa hiyo liandike wazi, lionyeshe saa, na usilifute. Baada ya hapo kuna mkataba. Muuzaji ambaye hajalipwa ana haki ya kuizuia bidhaa mpaka alipwe. Akimpa mnunuzi taarifa kwamba ataiuza, na muda wa kutosha ukapita bila malipo, anaweza kuiuza kwa mwingine, na hasara iliyotokea anaweza kuidai kwa yule wa kwanza. Ndiyo maana napenda ule ujumbe wako wa siku ya tatu. Ile ndiyo taarifa yenyewe. Uhifadhi.

Angalieni pia minada ya mahakama. Mshindi anaweka asilimia 25 pale pale, iliyobaki ndani ya siku 15, akishindwa mali inanadiwa tena. Kianzio siyo uchoyo, ni utaratibu wa siku nyingi. Nyundo_Tabata, wewe kwa nini huchukui kianzio?

#7 Nyundo_Tabata

Nilijaribu kuchukua kabla ya mnada, 20,000 kwa kila anayetaka kushiriki. Watu walipungua kutoka arobaini hadi tisa, kwa sababu ile ile ya yule mama wa Songea: nani atume hela kwa mtu asiyemjua ili tu aruhusiwe kusema bei? Sasa nachukua baada ya mnada, asilimia 20 ndani ya saa 3 za nyundo kugonga, na kwa wageni na mashine za kuanzia 300,000 tu. Aliyewahi kunilipa mara mbili kwa wakati simwombi kianzio. Hiyo imekuwa heshima kwao, na wanailinda.

#8 Kamau_wa_Viatu

Niko Nairobi, nauza viatu vya mitumba kwa mnada Facebook. Mbona hakuna mtu ametaja meseji feki? Kwangu huyo ndiye mbaya kuliko wa kuchelewa. Unamkumbusha mara tatu, mwishowe anakutumia picha ya skrini, "nimelipa". Unafurahi, unapeana viatu kwa mtu wa boda. Jioni ukiangalia salio, hakuna kitu. Ujumbe alijiandikia.

Kwa hivyo usimkabidhi mtu wa boda chochote kabla hujafungua salio lako mwenyewe ukaona pesa imeingia. Picha ya skrini si malipo. Wale wakali sana wa kukuharakisha, "boda amefika, peana haraka", ndio wa kuangaliwa kwanza.

Na kwa Wakenya walio humu: kama deni ni kubwa na mtu amechukua mali, tuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, mahakama yenyewe ilianza kazi 2021. Inasikiza madai mpaka shilingi milioni moja, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Mimi nilienda mara moja, kwa deni la mapea sabini ya viatu. Nilibeba mazungumzo yote ya WhatsApp yakiwa yamechapishwa, na hakimu aliyasoma moja moja. Tangu siku hiyo naandika kila kitu. Tukikubaliana kwa simu, nikikata tu namtumia ujumbe: "kama tulivyosema, utalipa Ijumaa".

#9 Stempu_za_Zamani

Salaam kutoka Uingereza. Mimi nauza stempu za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye eBay, na huko tatizo ni hili hili tangu mtandao ule uanzishwe mwaka 1995. Niseme walivyolipanga, labda kuna cha kuchukua.

Mshindi ana siku 4 za kulipa. Kuanzia siku ya 5 muuzaji anaweza kufuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa. Ada ya mauzo anarudishiwa, na mnunuzi anawekewa alama kwenye rekodi yake. Muuzaji anaweza kuweka kizuizi ili wenye alama kama hizo wasiingie kwenye minada yake. Hakuna kutangazana. Tangu 2008 muuzaji hawezi hata kumwachia mnunuzi maoni mabaya hadharani. Wakati ule wauzaji wengi walilalamika sana, wakiona wamenyang'anywa fimbo. Mimi naona alama ya kimya na mlango uliofungwa vinatosha.

Jambo la pili ni dau lenyewe. Kule unaandika kiwango chako cha juu kabisa kwa siri, na mashine inakupandishia hatua kwa hatua kadiri wengine wanavyokuja. Ukishinda hulipi kiwango chako chote. Unalipa hatua moja tu juu ya aliyekufuata. Kwa hiyo mtu anafikiri mara moja akiwa ametulia, hapandishani na mtu kwa hasira saa 3 usiku. Nyundo_Tabata, umesema wengine dau linawapanda kichwani. Je, huwezi kupokea madau ya siri pembeni?

Na mshindi akishindwa kulipa, unaweza kumpa ofa aliyefuata, kwa dau lake yeye mwenyewe. Siyo kwa bei ya aliyeshindwa kulipa.

#10 Nyundo_Tabata

Kaka wa stempu, umegusa penyewe. Madau ya siri sitayaweza kwa sababu moja: watu wangu watajiuliza nani ameyaona zaidi yangu. Kule kuna mashine, huku kuna mimi, na mimi ndiye muuzaji. Ila joto la dakika za mwisho nimelipunguza. Zamani nilikuwa naandika "mwisho mwisho mwisho" watu wanarukiana. Sasa kila dau jipya linaongeza dakika tano, na natangaza bei ambayo mashine kama ile iliuzwa mara ya mwisho. Nikiona mtu mgeni anapanda kwa elfu hamsini hamsini, namwandikia pembeni: "kaka, uko sawa?" Naweza kukosa elfu hamsini usiku ule. Napata malipo asubuhi.

Hilo la wa pili kulipa bei yake mwenyewe nalishika kama kiapo. Na linanipeleka kwenye kitu ambacho wauzaji wenzangu hawapendi kukisikia. Wengi wetu tunaolia wanunuzi hawalipi tumeweka watu wetu wa kupandisha bei. Shemeji yupo ndani ya grupu, namba ya pili ya simu ipo ndani ya grupu. Mshindi analala, anaamka, anarudi juu kusoma mazungumzo, anaona aliyekuwa anashindana naye hajawahi kununua kitu tangu grupu lianze. Unadhani atalipa? Akae kimya tu, na mimi simlaumu.

#11 Karani_Msomi

Na sheria haimlaumu. Sheria hiyo hiyo niliyoitaja inasema muuzaji asijipandishie dau, wala asiweke mtu wa kumpandishia, kama hakutangaza tangu mwanzo kwamba amejiwekea haki hiyo. Akifanya hivyo kwa siri, mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo yale kuwa ya udanganyifu. Kama una bei ambayo huwezi kushuka chini yake, iseme mwanzoni.

#12 Binti_Kigamboni

Je, ndugu? Mama mdogo wangu ameshinda blenda kwenye mnada wangu, wiki ya tatu hii, na kila nikienda kwake ananikaribisha chakula. Ameshaichukua blenda. Nashindwa hata kuanza.

#13 Nyundo_Tabata

Pole mdogo wangu. Kosa lilikuwa kumpa kabla, na umeshalijua. Sasa usimdai mbele ya watu na usimdai siku aliyokupikia. Mwambie mkiwa wawili, umtaje kwa cheo chake: "Mama mdogo, mzigo ule bado nadaiwa, naomba unisaidie elfu kumi kila Ijumaa." Omba kiasi kidogo chenye siku. Ndugu wengi wanakwama kwa sababu wanaona wanatakiwa kuleta yote kwa pamoja. Mimi kwangu ndugu anashiriki mnada kama wengine, ila mashine haitoki mpaka hela iingie. Nilitangaza kwenye grupu, siyo kwa mmoja mmoja, ili asijisikie yeyote kwamba amelengwa.

#14 MamaPindo

Binti, fanya hivyo. Mimi ni mama mdogo wa watu pia. Tukiombwa kidogo kidogo tunatoa.

#15 Nyundo_Tabata

Wakuu narudi na mrejesho, maana kuna walioniuliza pembeni kama haya yanafanya kazi kweli.

Jumatano iliyopita fundi wa Tunduma alishinda Juki moja kwa 390,000. Nikatuma video, nikamuuliza hela inatoka wapi na siku gani, kama MamaPindo alivyonifundisha. Kimya. Saa 6 ya kesho yake ikapita. Saa 1 usiku nikapiga, akapokea, akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka, dau lilinizidi. Nilifikiri utanitukana." Nikamwambia asante kwa kusema. Nikampa wa pili kwa dau lake la 365,000, akalipa yote usiku ule ule. Elfu ishirini na tano zimepungua, ndiyo.

Jumamosi yule wa Tunduma akarudi kwenye mnada. Akapanda polepole kwenye Singer ya kukanyaga, akashinda kwa 180,000. Alilipa Jumapili saa 3 asubuhi kabla sijamwandikia chochote. Mashine imepanda basi leo, na risiti ya mzigo nimeshamtumia.